WAKILI AKIZUIA FEDHA ZA MTEJA: FIDIA HUDAIWA WAPI?

Mahakama za Kakamega husikiliza mashauri mengi ya ardhi, ya urithi na ya watu walioumizwa na magari, na katika mashauri kama hayo fedha nyingi hupita mikononi mwa mawakili. Walio wengi ni waaminifu. Lakini tuseme mtu wa Kabras amegongwa na trekta la miwa, amevunjika mguu, na kampuni ya bima imekubali kumlipa. Hundi huandikwa kwa jina la wakili. Miezi yapita, na kila aendapo ofisini na mkongojo wake huambiwa arudi wiki ijayo. Afanye nini?

Kwanza ajue kwamba fedha hizo ni mali yake. Kanuni za Hesabu za Mawakili za mwaka 1966 zamwamuru wakili aziweke fedha za wateja katika akaunti ya peke yake, mbali na fedha za ofisi. Hana ruhusa ya kuzikopa, hata kwa siku moja.

Kisha apeleke lalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyowekwa na Sheria ya Mawakili ya mwaka 1989, Sura ya 16. Hapana ada. Aeleze jambo lake kwa tarehe, tena aambatishe nakala za barua, risiti na hukumu. Zile za asili abaki nazo mwenyewe. Yafaa ikumbukwe kwamba kushindwa katika shauri, peke yake, si kosa la wakili.

Tume humtaka wakili ajieleze. Jambo likiwa jepesi yaweza kuwapatanisha. Likiwa zito hulipeleka mbele ya Baraza la Nidhamu la Mawakili. Baraza hilo laweza kumwonya wakili, kumsimamisha kazi hadi miaka 5, kumtoza faini isiyozidi Sh. 1,000,000, au kumfuta katika orodha ya mawakili.

Hapa ndipo watu wengi wapotewapo. Wakili akifutwa, mteja hufurahi, lakini mkononi hana kitu, maana faini si yake na adhabu si malipo. Kwa hiyo aombe fidia waziwazi tangu mwanzo. Kifungu cha 60 chalipa Baraza uwezo wa kumwamuru wakili amlipe aliyedhulumiwa hadi Sh. 5,000,000.

Ikiwa hasara yapita kiasi hicho, njia iliyobaki ni kumshtaki wakili mahakamani, na huko muda ni mkali: miaka 3 kwa madai ya uzembe, miaka 6 kwa kuvunja mapatano. Mteja asidhani kwamba kulalamika mbele ya Tume kwasimamisha hesabu ya miaka hiyo. Wengine hungoja majibu ya Tume mpaka mlango wa mahakama ukafungwa.

Kuzuia fedha za amana bila kuzitolea hesabu ni kosa la jinai pia, chini ya kifungu cha 80.

Na kama wakili alimtia mteja sahihi katika karatasi isemayo kwamba hatadaiwa kwa uzembe wake, mteja asiiogope. Kifungu cha 46 hakiipi karatasi ya namna hiyo nguvu yoyote.