Umenyanyua gari, sasa inatetemeka ukifika 80? Pima propela kabla ya kununua kitu

Umefunga springi ndefu na shokapu mpya. Gari imepanda inchi mbili, imesimama vile ulivyotaka. Unaingia lami, unafika kilomita 70 kwa saa, 80, na sakafu inaanza kunguruma. Kioo cha kati kinacheza. Ukiachia mafuta inapungua, ukikanyaga inarudi.

Wengi hapo wanakimbilia kwa fundi tairi. Tairi zinabalansiwa, mtetemo uko palepale. Zinabalansiwa tena. Mwisho mtu anaambiwa, "Gari iliyonyanyuliwa ndivyo ilivyo, utazoea."

Usizoee. Gari iliyonyanyuliwa vizuri haitetemeki, na mtetemo ukiachwa unakula krosi za propela, sili ya difu na beringi za transfa. Kibaya zaidi ni krosi ya upande wa mbele wa propela ikikatika gari ikiwa kwenye mwendo. Propela inadondoka, ncha yake inachimba barabara, na dereva anaweza kupoteza gari. Kwa Land Cruiser iliyobeba watalii saba kwenda mbugani, hilo si suala la kelele tu.

Habari njema ni kwamba chanzo mara nyingi ni kimoja, na unaweza kukipima kwa simu uliyoshika sasa hivi.

Ni tairi au ni propela?

Anza hapa, maana ukikosea hapa utatumia pesa bure.

Chukua gari yenye tairi za inchi 31 na difu ya 4.1, namba ya kawaida kwenye Land Cruiser nyingi za zamani. Ikiwa kwenye 80, tairi inazunguka kama mara tisa kwa sekunde. Propela inazunguka mara nne zaidi ya tairi, yaani kama mara 37 kwa sekunde. Na krosi iliyokaa vibaya inapiga mara mbili kila propela ikizunguka mzunguko mmoja, kwa hiyo unapata mapigo 74 kwa sekunde.

Ndiyo maana mtetemo wa tairi unausikia kama kutikisika, mara nyingi kwenye usukani. Wa propela ni mwepesi na wa haraka, kama simu iliyowekwa mtetemo ndani ya droo. Unakuja kwenye kiti na sakafu, wakati mwingine unaziba masikio.

Kuna jaribio jingine rahisi kwa gari ya gia za mkono. Tembea 80 kwenye gia ya tano, kisha rudi kwenye mwendo uleule kwa gia ya nne. Injini sasa inazunguka haraka zaidi lakini propela haijabadilika. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haihusiki.

Angalia pia kama unabadilika unapokanyaga na kuachia mafuta. Tairi mbovu haijali sana mguu wako uko wapi. Propela inajali, kwa sababu ukikanyaga, ekseli ya nyuma inajipinda kidogo na pembe zinabadilika.

Krosi ina tabia yake

Propela ina kiungo cha umbo la msalaba kila mwisho, ndiyo hiyo krosi. Inaruhusu nguvu kupita hata kama propela imelala kwa mshazari. Lakini haipitishi mwendo sawasawa. Upande unaoingiza nguvu ukizunguka kwa kasi moja, upande wa pili unaharakisha, unapunguza, unaharakisha, unapunguza, mara mbili mbili kila mzunguko. Jambo hili si geni: Mwingereza Robert Hooke alilieleza karne ya 17, kabla hata ya kuwepo magari.

Pembe ikiwa ndogo, tofauti ni ndogo. Kwa mfano wetu wa 80 kwa saa, propela iko kwenye mizunguko kama 2,230 kwa dakika. Krosi ikiwa na pembe ya digrii 10, mwendo wa upande wa pili unacheza kati ya 2,196 na 2,264. Pembe ikifika digrii 20, unacheza kati ya 2,096 na 2,373. Umezidisha pembe mara mbili, lakini fujo imezidi mara nne.

Sasa mbona gari mpya haitetemeki, wakati nayo ina pembe? Kwa sababu ina krosi mbili. Fujo ya krosi ya kwanza inafutwa na fujo ya krosi ya pili, kwa masharti mawili. La kwanza, pembe za pande zote mbili ziwe sawa. La pili, uma mbili za propela ziwe zimelala kwenye mstari mmoja, isipokuwa pale mtengenezaji alipopanga vingine. Kwa hiyo kabla fundi hajatenganisha propela, mwambie apige alama kwa rangi au patasi. Ikirudishwa imeruka jino moja, una mtetemo mpya wa kujitakia.

Kunyanyua gari kunagusa sharti la kwanza. Injini na transfa zimepanda pamoja na chesisi, ekseli imebaki chini, propela imelala zaidi. Kwa propela ya sentimita 120, kupanda sentimita 5 kunaongeza pembe kama digrii 2.4. Kwa propela fupi ya sentimita 70, ni zaidi ya digrii 4. Ndiyo sababu gari fupi ya milango miwili inalalamika mapema kuliko pickup ndefu, hata kama zimefungwa vifaa vilevile.

Kupima kwa simu

Simu nyingi zina programu ya kupimia usawa, na kama yako haina, za bure zipo. Gari isimame mahali tambarare, tairi zote chini, ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Usiipige jeki wakati wa kupima, maana ekseli itaning'inia na namba zote zitakuwa za uongo. Zuia tairi kwa mawe au kabari kabla hujaingia chini.

Unahitaji namba tatu: flenji ya transfa, bomba la propela, na flenji ya difu. Flenji inasimama wima, kwa hiyo weka simu juu ya uso wake na usome imeinama kiasi gani kutoka kwenye wima. Andika na upande: inaangalia juu au chini.

Tuseme umepata hivi. Transfa inaangalia chini kwa digrii 3. Propela inashuka kwa digrii 11. Difu inaangalia juu kwa digrii 3. Toa: krosi ya mbele ina digrii 8, ya nyuma ina digrii 8. Ziko sawa, na gari hii itatulia japo pembe ni kubwa kidogo.

Sasa gari ya jirani, iliyonyanyuliwa kwa kufunga sheko ndefu nyuma ya springi bapa, kwa sababu ni njia rahisi. Sheko ndefu inashusha mwisho wa nyuma wa springi, springi inainama, na difu inageuza pua yake juu. Sasa inaangalia juu kwa digrii 7. Krosi ya mbele bado ina 8, ya nyuma ina 4. Ukiangalia kwa macho propela inaonekana imenyooka vizuri zaidi kwenye difu, na fundi atakuambia imekaa poa. Lakini 8 na 4 hazifutani. Hii ndiyo inayonguruma.

Lenga tofauti isiyozidi digrii moja kati ya krosi mbili. Kwa springi bapa, ni bora pua ya difu iwe chini kwa digrii moja au mbili, kwa sababu ukikanyaga mafuta inajiinua yenyewe.

Kabla ya pembe, angalia hivi

Shika propela kwa mikono, izungushe kushoto na kulia, isukume juu na chini. Krosi ikiwa na mchezo, badilisha kwanza. Krosi ya zamani imejichimbia njia yake kwenye pembe ileile kwa miaka. Ukibadilisha pembe, inapanda ukingo wa shimo lake.

Osha propela. Tope kavu lililoganda upande mmoja linatosha kuiharibia balansi, na kile kibati kidogo kilichochomelewa kwenye bomba ni uzito wa balansi. Kikiwa kimebanduka utaona kovu.

Halafu angalia meno yanayoteleza, pale propela inaporefuka na kufupika. Gari ikipanda, sehemu hiyo inavutwa nje. Ikishikilia meno machache tu, propela inayumba, na kwenye shimo kubwa inaweza kuchomoka. Hapo dawa ni spesa au kurefusha propela kwa mkereza vyuma anayejua kubalansi. Gari za utalii za Arusha zilizorefushwa chesisi zinalijua hili vizuri, maana propela yake ilishaguswa mara moja. Ukija kuinyanyua tena, unaigusa mara ya pili.

Dawa zenyewe

Kwa springi bapa, dawa ya kwanza ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Kwenye mfano wa jirani, kabari ya digrii 4 inarudisha difu kwenye 3. Kama springi iko juu ya ekseli, upande mnene wa kabari unakaa mbele ili kushusha pua ya difu. Ukitaka kuipandisha, geuza. Nunua za chuma. Za aluminiamu zinapondeka taratibu chini ya mzigo, na yubolti zinalegea bila wewe kujua.

Gari za springi za koili nyuma, kama Prado au Land Cruiser 80, hazina pa kuweka kabari. Huko unatumia mikono ya ekseli inayorekebishika urefu.

Njia nyingine ni kushusha transfa kwa spesa. Inafanya kazi, lakini binafsi siipendi sana: umenyanyua gari ili upate nafasi chini, kisha unarudisha sehemu ya nafasi hiyo chini.

Kwa gari iliyopanda sana kuna propela yenye krosi pacha upande wa transfa, yaani krosi mbili zilizofungwa pamoja ili zifutane zenyewe palepale. Ni nzuri, ila ina kanuni tofauti kabisa. Krosi pacha haihitaji msaada wa krosi ya difu, kwa hiyo difu lazima ielekezwe moja kwa moja kwenye propela, pembe yake iwe karibu na sifuri. Watu wanaifunga, wanaiacha difu ilivyokuwa, halafu wanalaumu propela. Usigeuze difu juu kupita kiasi lakini, maana beringi ya mbele ya pinioni inaweza kukosa oili.

Ikiwa propela ni vipande viwili

Pickup nyingi ndefu, Hilux zikiwemo, zina propela ya vipande viwili na beringi ya kati. Hapa dalili ni nyingine: gari inatetemeka wakati wa kuondoka, chini ya 40, hasa ikiwa na mzigo au ikipanda mlima, halafu inatulia. Mara nyingi inatosha kushusha beringi ya kati kwa spesa, sentimita moja hadi mbili na nusu. Jaribu kidogo kidogo, endesha, ongeza. Mpira wa beringi ukiwa umechanika, badilisha kabla ya kuhangaika na spesa.

Na propela ya mbele

Kwenye Land Cruiser 80 yenye 4x4 ya muda wote, propela ya mbele inazunguka saa zote. Ukiinyanyua, ekseli ya mbele inajigeuza na usukani unakuwa mwepesi, gari inatangatanga. Mafundi wanarekebisha kwa bushi za kasta. Usukani unarudi, lakini bushi hizo zimeshusha pua ya difu ya mbele mbali na propela, na mtetemo unaanza. Ukitaka vyote viwili, usukani mzuri na utulivu, kwenye gari iliyopanda sana unaishia kwenye propela ya krosi pacha.

Kuhakikisha kama shida ni ya mbele, funga kufuli ya difu ya kati, toa propela ya mbele, endesha taratibu mwendo mfupi. Mtetemo ukipotea, umempata.

Ukitoa ya nyuma, kuwa makini zaidi. Gia ya P inaweza isishike gari tena, kwa sababu kiungo chake na tairi kimeondoka. Na kwenye Land Rover Defender za zamani, handibreki inashika propela ya nyuma, haishiki tairi. Ukishafungua bolti ya mwisho, gari iko huru kuondoka na wewe uko chini yake. Kwa hiyo tairi zizuiwe mbele na nyuma kabla ya spana ya kwanza.

Baada ya kufunga kila kitu, tembea kilomita mia kadhaa, kisha kaza tena yubolti na bolti za flenji, piga grisi kwenye kila nipo ya propela, na upime pembe upya. Springi mpya hukaa chini kidogo zikishaanza kazi, na namba ulizoandika siku ya kwanza zitakuwa zimesogea.