Kabla Hujaongeza Volti

Mwezi wa Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Iringa nako watu hawatoki bila sweta. Anayetaka kuovakloki kompyuta yake, yaani kuisukuma prosesa ipite kasi iliyopangiwa kiwandani, huiona baridi hiyo kama neema. Anapandisha kasi, anacheza gemu au anahariri video hadi usiku wa manane, mashine imetulia. Inafika Oktoba au Novemba, jua la mchana limekaza na mvua bado zinasitasita, mashine ile ile inaanza kuganda. Mara skrini ya bluu, mara inajiwasha upya yenyewe. Hapo wengi wanaingia kwenye BIOS na kuongeza volti ya prosesa.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema: volti ya prosesa iwe ya mwisho kuguswa. Kinachoyumbisha kinaweza kuwa RAM, pawa saplai, joto au umeme wa ukutani, na volti ya ziada haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Vingine huvizidisha.

Kuna swali linalotangulia yote: je, mashine yako inaruhusu kuovaklokiwa? Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa madukani kwetu ni used zilizotoka maofisini ng'ambo, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Hizo BIOS zake zimefungwa, na hakuna fundi atakayekupandishia kasi kwa usalama. Kwa Intel, kwa kawaida unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina na mazabodi ya daraja la Z. Kwa AMD Ryzen milango iko wazi zaidi, ingawa mazabodi za A320 hazimo. Kama unayo OptiPlex, fedha uliyotaka kununulia feni kubwa nunulia RAM au SSD. Utaiona tofauti siku hiyo hiyo.

Sasa twende kwenye volti yenyewe. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kulingana na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka 4.2 GHz kwa volti 1.20 ukaenda 4.6 GHz kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa takriban asilimia 10 tu, ilhali umeme unaoliwa, na joto linalotoka, vimeongezeka kwa karibu asilimia 39. Joto hilo lazima liondolewe na hewa, na hapo ndipo nyanda za juu zinapokuwa na jambo lake. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko juu ya mita 1,500. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15, hivyo feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu kuliko inavyobeba pwani. Baridi hufidia upungufu huo na kuupita, ila ni wakati wa kipupwe tu. Mchana wa Novemba, chumba kikiwa na nyuzi 27 na vumbi la kiangazi kizima limejaa kwenye mapezi ya kifaa cha kupoza, fidia imekwisha. Kwa hiyo pima uthabiti wa mashine yako mchana wa joto, baada ya kupuliza vumbi. Kipimo cha usiku wa Julai kinakudanganya.

Baada ya usafi, anza na RAM. Wengi hawajui kwamba kuwasha XMP au EXPO, mipangilio ya kupandisha kasi ya RAM ndani ya BIOS, tayari ni kuovakloki. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 hupewa volti 1.35 ili ifike hapo, ilhali kiwango rasmi cha DDR4 ni 1.2. Sanduku limeahidi 3600, lakini prosesa yako na mazabodi yako havikuahidi kitu. Hali huwa mbaya zaidi kwa desturi yetu ya kuongeza RAM kidogo kidogo: kipande kimoja cha mwaka juzi, kingine used cha kampuni tofauti, mwisho vipande vinne visivyofanana vinalazimishwa kukimbia pamoja.

Nenda hivi. Rudisha prosesa kwenye mpangilio wa kiwandani kabisa, uache XMP ikiwa imewashwa. Weka MemTest86 kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, iache ikimbie mizunguko yote minne usiku kucha. Asubuhi tazama hesabu ya makosa. Inatakiwa sifuri. Kosa moja tu katika saa sita si dogo, kwa sababu RAM inayokosea haiishii kuzima mashine: inaandika uongo kwenye diski. Faili la zipu linakataa kufunguka, mradi wa video unaharibika, na wewe unailaumu programu. Ukiona makosa, zima XMP na urudie. Yakitoweka, kasi ndiyo iliyozidi: shuka kutoka 3600 hadi 3400 au 3200. Yakibaki, pima kipande kimoja kimoja katika nafasi ile ile. Safisha meno yake ya dhahabu kwa ufutio laini, na kama una vipande viwili kwenye mazabodi yenye nafasi nne, kwa kawaida viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Wenye DDR5 waongeze subira: baada ya kubadili mipangilio, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa wakati mazabodi inajifunza RAM. Usiizime.

RAM ikishatoka safi, ndipo prosesa ipandishwe, na kasi ya RAM isiguswe tena. Tumia Prime95 katika hali ya hesabu ndogo, inayobana prosesa bila kuitegemea sana RAM, huku HWiNFO ikikuonyesha joto na volti. Tazama volti kwa makini. Umeandika 1.30 kwenye BIOS, lakini mzigo ukipanda unasoma 1.24. Mshuko huo ni wa kawaida, na mazabodi nyingi zina mpangilio wa kuufidia kwa viwango. Chagua cha katikati. Kiwango cha juu kabisa huifanya volti iruke juu kwa ghafla mzigo unapoondoka, na mruko huo programu yako huenda isiuone kabisa.

Kama mashine inazima ikiwa haina kazi, au ukifungua ukurasa tu wa intaneti, sababu ni nyingine. Prosesa za siku hizi hupandisha kiini kimoja hadi kasi yake ya juu kabisa kazi ikiwa nyepesi, na aliyepunguza volti kwa Curve Optimizer ya AMD anaumbuka hapo. Rudisha volti hiyo kidogo kidogo, kiini kwa kiini, ukipima kila kimoja kwa CoreCycler.

Umeme wa ukutani usisahaulike. Pawa saplai nzuri hushikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 umeme ukikatika, na wimbi moja la umeme wetu wa 50 Hz ni milisekunde 20. Umeme ukicheza kidogo, taa inapepesa tu, lakini kompyuta iliyoovaklokiwa na yenye mzigo mkubwa inajiwasha upya. Kabla ya kuilaumu prosesa, chomeka UPS uone. Pima pia laini ya volti 12 kwa mita mzigo ukiwa juu: isishuke chini ya 11.4. Kujiwasha upya ghafla bila skrini ya bluu mara nyingi kunaelekeza huku.

Na volti ina mpaka usiorudi nyuma. Mwaka 2023, baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 ziliungua, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya SoC, ile inayopandishwa ili RAM ya EXPO itulie. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa, ikatoa marekebisho ya BIOS Agosti mwaka huo. Prosesa iliyokwisha kuchakaa hairudishwi na marekebisho hayo. Kama unayo ya vizazi hivyo, pakua na usakinishe BIOS mpya leo, kabla ya kipimo chochote nilichokitaja hapa, na nakili kazi zako kwenye diski ya nje kabla ya kuigusa.