Askari wa Ubongo na Ugonjwa wa Kutetemeka



Huenda katika kambi yenu yuko mzee ambaye mkono wake hutetemeka akiwa amekaa tu, na anapokishika kikombe kutetemeka hupungua. Hutembea kwa hatua fupi fupi, mwili umekakamaa, uso haucheki wala haukasiriki. Msimamizi humwita mvivu. Majirani husema amerogwa, au ni pombe. Mara nyingi si hayo. Huo ni ugonjwa ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza kwa maandishi mwaka 1817, na sasa unaitwa kwa jina lake. Hauambukizi, na mgonjwa hastahili kukimbiwa.

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe za neva zilizo hapo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili bila kukwama. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa kidogo kidogo, wala hazizaliwi nyingine za kuziba pengo. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kupotea.

Kwa miaka mingi waganga walizitazama chembe zenyewe tu. Siku hizi wanawatazama pia walinzi wake.

Ukichomwa na mwiba wa mkonge, kidole huvimba, huwa chekundu na kupata joto. Hao ni askari wa mwili wamefika kazini. Ubongo nao una askari wake wakaao humo humo, waitwao maikroglia. Mtaalamu wa Hispania, Pío del Río Hortega, aliwaeleza mwaka 1919. Wana mikono mirefu kama matawi, na mchana na usiku hupapasa huku na huku. Wakikuta chembe iliyokufa huila. Wakikuta uchafu huuondoa, na hutoa pia vitu vinavyozisaidia chembe za neva kuishi. Katika ugonjwa wa Parkinson uchafu mkubwa ni protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo hujikunja vibaya na kugandamana ndani ya chembe. Askari wakiiondoa mapema, neva hupata nafuu.

Shida huanza askari wanapokasirika na kusahau kutulia. Hapo humwaga kemikali kali zinazounguza adui na raia pamoja. Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake huko Kanada walitangaza kwamba katika ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huu walikuta askari wengi wenye ghadhabu, palepale kwenye sehemu nyeusi.

Jambo lililowashangaza wengi lilitoka California, Marekani. Mwaka 1982 vijana kadhaa walijidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya, yenye sumu iitwayo MPTP. Kwa siku chache tu walikakamaa kama wazee. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa ubongo wa watu watatu waliopatwa na sumu hiyo, ambao waliishi baada yake kati ya miaka 3 na 16. Maikroglia walikuwa bado wanapigana. Sumu iliingia mara moja ikaondoka zamani, lakini moto uliowashwa nayo haukuzimika.

Habari hii inatuhusu. Ile sumu, ikifika ndani ya ubongo, hugeuka kuwa kitu ambacho umbo lake linafanana na parakwati, dawa ya kuua magugu ambayo imepulizwa sana mashambani tangu miaka ya 1960. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2011 uliona kwamba watu waliotumia parakwati au rotenoni walipata ugonjwa wa Parkinson kwa kadiri ya mara mbili na nusu kuliko wasiozitumia. Wenye viwanda vya dawa hiyo wanabisha. Hata hivyo nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliipiga marufuku mwaka 2007. Vumbi la madini ya manganizi na moshi wa kuchomelea vyuma vyenye madini hayo navyo, vikivutwa kwa wingi, huleta ugonjwa unaofanana na huu.

Wako pia askari wa damu, waitwao chembe T. Mwaka 2017 David Sulzer wa New York na Alessandro Sette wa California walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengine chembe hizi huitambua alfa-sinukleini kama adui. Lakini kati ya chembe T kuna kundi la wasuluhishi, ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Howard Gendelman na wenzake huko Nebraska waliona kwamba wasuluhishi hawa waliziokoa neva za panya waliopewa sumu, kisha wakaanza majaribio kwa wagonjwa wachache. Bado si tiba ya kuandikiwa hospitali.

Kwa hiyo akija mtu getini siku ya mshahara na chupa ya "kuongeza kinga," ndugu, weka fedha yako mfukoni. Hapa askari hawakupungua nguvu, wamezidi ukali. Dawa inayotumika sana ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Humrudishia mgonjwa mwendo wake kwa muda mrefu, ingawa haizuii chembe kufa.

Anayepuliza dawa apewe glavu, mabuti, ovaroli na kinga ya uso, na bomba linalovuja litengenezwe kabla halijapandishwa mgongoni. Tena kila mmoja aandike katika daftari lake jina la dawa lililo kwenye kopo, shamba, na tarehe alizopuliza. Ufaransa tangu mwaka 2012 inautambua ugonjwa wa Parkinson kuwa ni ugonjwa wa kazi kwa wafanyakazi wa mashamba waliotumia madawa hayo, na anayedai fidia huulizwa kama aliyatumia kwa miaka 10. Asiye na daftari hujibu kwa kukumbuka tu.