Vijana Wetu na Vijana wa Japani

Safari ya Japani si jambo la ajabu tena kwa vijana wa Tanzania. Tangu mwaka 2014 mpango wa masomo uitwao ABE umewafungulia vijana wa Afrika milango ya vyuo vikuu vya huko. Lakini mzazi wa Sanya Juu ana haki ya kuuliza: mwanangu atasuhubiana vipi na vijana wa nchi ile, naye asipoteze dini yake?

Jibu la kwanza li karibu nasi. Tangu mwaka 1967 Japani imekuwa ikileta Tanzania vijana wake wa kujitolea, nao hufundishwa lugha kabla ya kuja. Huko Chekereni, katika tambarare ya Moshi, wataalamu wa Kijapani waliingia matopeni pamoja na wakulima wetu katika mradi wa mpunga uliokamilika mwaka 1987. Mjapani akimwamkia mzee "Shikamoo", haachi Ujapani wake. Lakini mioyo ya wenyeji humfungukia.

Basi kijana wetu naye na atangulize adabu. Ajifunze maneno ya salamu. Ashike saa, kwani kuchelewa huko ni kuwavunjia watu heshima. Kuvua viatu mlangoni hakutamtaabisha aliyelelewa msikitini. Wenyeji wanapotamka neno lao la shukrani kabla ya kula, yeye aseme Bismillahi. Wakimwinamia kwa salamu, akumbuke kuwa kurukuu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mkono kifuani na uso mkunjufu vyatosha.

Mtihani mkubwa ni jioni, kazi zimalizikapo. Vijana wengi wa Japani huzoeana mezani penye pombe, na anayekataa huogopa kuonekana mwenye kiburi. Shauri letu ni hili: asingoje kikombe kifike mbele yake. Aeleze mapema, kwa upole, kwamba dini yake yakataza ulevi. Kisha awe yeye wa kwanza kuwaalika wenziwe kwa chai au sahani ya pilau. Akatae kikombe, asimkatae mtu.

Tena aulize kabla ya kula. Supu ya tambi zao, ramen, mara nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirin, kileo cha mchele, hutiwa katika michuzi mingi. Wala asijione mkiwa: Msikiti wa Kobe umesimama tangu mwaka 1935, na ule wa Tokyo, wa mwaka 1938, ulijengwa upya ukafunguliwa mwaka 2000.

Surat Al-Hujurat yatufunza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Enyi wazazi, msiwafiche watoto wenu na walimwengu. Wafundisheni nyumbani namna ya kukataa bila ya kutukana. Kijana aliyejua hayo, Tokyo na Sanya Juu kwake ni mamoja. Mwenyezi Mungu awahifadhi. Amin.