Sauti ya Kindi na Mwendo wa Utepe

Wimbo wa kioja ni ule unaobebwa na jambo moja la ajabu, iwe sauti isiyo ya kawaida, mlio wa mnyama au maneno yasiyo na maana, na ambao msikilizaji huununua kwa ajili ya jambo hilo kuliko kwa uzuri wa uimbaji. Nchini Marekani katika miaka ya 1950 nyimbo za namna hii zilishindana na nyimbo za mapenzi na mara nyingine kuzishinda, kwani mwaka 1953 Patti Page alikaa kileleni kwa wiki nane akiimba habari za mbwa aliyewekwa dirishani mwa duka. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyoingia sokoni mwaka 1949, ilibeba wimbo mmoja kila upande, na kwa kuwa redio na mashine za santuri za kutia sarafu ziliurudia wimbo uleule kutwa nzima, kioja kilichonasa sikio mara moja kilikuwa na bahati kuliko utunzi uliohitaji kuzoewa.

Wepesi wa kusikiliza, hata hivyo, haukuwa wepesi wa kutengeneza. Ross Bagdasarian, Mmarekani wa asili ya Armenia aliyezaliwa Fresno, California, mwaka 1919, alifanya vioja vyake kwa kinasa sauti cha utepe, yaani mashine inayohifadhi sauti kwa nguvu ya sumaku juu ya ukanda mwembamba. Ukanda ulionasa sauti ukienda nusu ya mwendo, kisha ukachezwa kwa mwendo kamili, idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde huwa maradufu, hivyo sauti hupanda oktavu moja nzima, ilhali muda wake hupungua kwa nusu. Mwimbaji basi hulazimika kuimba taratibu mno, akitamka kila silabi kwa ukamilifu bila kupoteza mapigo, kwa sababu uzembe mdogo wa ulimi hugeuka kelele tupu utepe unapoharakishwa.

Kwa jina la kisanii la David Seville, Bagdasarian alifika kileleni mwaka 1958 kwa "Witch Doctor", wimbo wa mganga anayetoa ushauri wa mapenzi kwa silabi za ovyo (mganga wa vibonzo, asiye na ramli wala dawa). Majuma machache baadaye Sheb Wooley naye akapanda kileleni kwa "The Purple People Eater", wenye sauti iliyoharakishwa vilevile, na hapo ikaonekana kwamba ujanja wa mashine ukishajulikana hauna mwenyewe.

Bagdasarian akajibu kwa kuipa sauti ile wenyewe: kindi watatu, Alvin, Simon na Theodore, waliopewa majina ya wakuu wa kampuni yake ya santuri, Liberty, na ya mhandisi wake wa sauti. Wimbo wao wa Krismasi ulitamba mwishoni mwa mwaka huohuo, na katika tuzo za kwanza za Grammy, mwaka 1959, ulipata tatu, mojawapo ikiwa ya uhandisi wa sauti, ambayo kwa haki ndiyo iliyougusa ufundi wake hasa. Kilichobaki masikioni mwa watoto ni ugomvi wa Alvin na mlezi wake Seville, ugomvi ambao mtu mmoja aliufanya peke yake, akimsemea mlezi kwa mwendo wa kawaida wa utepe na kindi kwa mwendo wa nusu.