Tusimsahau Avukaye Likoni kwa Miguu

Mtoto aliyelelewa Masimba, kule kwetu milimani karibu na Keroka, huujua mto kabla ya kuijua bahari. Mto kwetu huvukwa kwa daraja, kwa gogo, au kwa kukunja suruali. Ndiyo maana, kila niandamanapo na wanafunzi wa nyumbani katika ziara ya Pwani, hakuna kinachowashangaza kama feri ya Likoni. Ngome ya Yesu huitazama kwa heshima, lakini feri huiuliza maswali.

Safari moja, msichana wa kidato cha pili alitaka kujua mbona chombo kile hakigeuki. Kabla sijafungua kinywa, baharia mmoja mzee aliyesimama karibu na mlango alidakia: "Hiki hakina kichwa wala mkia, mwanangu. Kinakoelekea ndiko kwenye kichwa."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi. Feri ya magari ina milango miwili na mitambo ya kuisukuma pande zote mbili. Gari lililoingilia upande wa Likoni hutokea kisiwani Mombasa likiendelea mbele, bila kurudi kinyumenyume. Mlango hulazwa juu ya gati iliyojengwa kwa mteremko, kwa kuwa maji ya Kilindini hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Yakipwa, gari hushuka mteremko mrefu ili kuingia. Yakijaa, huingia karibu sawasawa na nchi kavu. Nayo meli ya shehena ikija bandarini, hukata njia ya feri katikati, na feri hungoja. Safari ni ya dakika chache tu.

Mimi ni mtu wa isimu, na kwangu kila safari huanzia kwenye majina. Likoni lenyewe ni neno la kivuko: liko, au diko kwa wengine, ni mahali vyombo vinapofikia pwani, na -ni ni kiambishi cha mahali. Kivuko nacho kimetokana na kitenzi vuka, na lugha haikujali kutofautisha pale pa kuvukia na kile cha kuvukia. Wenzetu wa Kigamboni, Dar es Salaam, wamelikopa neno pantoni; sisi tumekopa feri. Sioni haja ya kugombana na lolote kati ya hayo.

Huduma ya Likoni ilianza mwaka 1937, na kwa miaka mingi iliendeshwa na kampuni ya mabasi, hadi serikali ilipoichukua mwaka 1989. Mwaka 1990 zikaja feri tatu: Nyayo, Harambee na Kilindini. Msomaji wa makamo hahitaji kuelezwa majina mawili ya mwanzo yalitoka wapi. Hata hivyo, harambee ilikuwa wito wa wachukuzi wa Pwani waliovuta na kuinua mizigo mizito kwa pamoja, kabla haijawa wito wa majukwaani. Kwa hiyo jina lile lilirudi kazini kwake. Mwaka 2010 zikafuata Likoni na Kwale, majina ya mahali, yasiyo na makuu. Kisha wakaja Jambo mwaka 2017 na Safari mwaka 2020. Hapo nakiri kwamba nilikunja uso. Hayo ni maneno ambayo mtalii hufundishwa kabla hajashuka kwenye ndege, ilhali anayepanda feri ile alfajiri si mtalii. Ni kibarua wa bandarini, muuza samaki, mwanafunzi, na kijana wa Masimba aliyepanga chumba ng'ambo kwa kuwa kodi ni nafuu. Watu wanaokadiriwa kufika laki tatu huvuka kila siku, na walio wengi wako kwa miguu. Wao hawatozwi nauli.

Hao ndio waliokuwa ndani ya feri ya Mtongwe asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994. Chombo kilichoruhusiwa kubeba abiria 300 kilijaa kupita kiasi, kikapinduka karibu kabisa na nchi kavu. Watu 272 walikufa, wengi wao wakienda kazini. Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka feri ya Harambee, mama na bintiye wakiwa ndani. Ilichukua takriban wiki mbili kuwatoa kilindini. Harambee ilikuwa imetimiza miaka 29 ya kazi.

Nayataja haya kwa sababu hali ya kivuko imebadilika. Tangu mwaka 2024, barabara ya Dongo Kundu imempa mwenye gari njia ya kuzunguka hadi pwani ya kusini bila kuigusa feri. Ni jambo jema, nami nimeipita. Lakini mwenye gari ndiye alipaye, na ndiye ambaye malalamiko yake hufika magazetini upesi. Akishaondoka foleni, ni nani atakayeuliza injini ya feri ilikaguliwa lini? Kibarua wa saa kumi na moja alfajiri hawezi kuzunguka Dongo Kundu kwa miguu. Serikali ipime thamani ya kivuko kwa vichwa vya wanaovuka, wala si kwa fedha zinazokusanywa langoni. Tarehe ya ukaguzi wa kila chombo, pamoja na idadi ya abiria kinaoruhusiwa kubeba, iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa mahali ambapo abiria atasoma akiwa bado nchi kavu.

Kwenu walimu mnaopanga ziara, nina ombi moja. Basi likifika Likoni, msiwaache wanafunzi wakisinzia ndani yake. Washusheni wavuke kwa miguu pamoja na wenyeji, basi liwafuate likiwa na dereva peke yake. Mtoto aliyeketi ndani ya basi, vioo vimefungwa, hana pa kukimbilia maji yakiingia. Aliye sitahani anaweza kuonyeshwa maboya ya kujiokolea yako wapi, naye atapata nafasi ya kumuuliza baharia anachotaka kujua.