Mlango Wenye Ufunguo

Ndugu wazazi mlioko Marekani, wana wetu hurejea nyumbani wakisimulia zoezi la kujifungia darasani: taa huzimwa, mlango hutiwa ufunguo, nao hukaa kimya mbali na madirisha. Tusilipuuze. Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, waliuawa watoto 20 na watu wazima 6. Milango ya madarasa yale ilitiwa ufunguo kwa upande wa nje tu. Tume ya gavana, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilisisitiza kila darasa liwe na mlango unaofungika kwa ndani.

Zoezi la namna hiyo twaliunga mkono. Tunachokikataa ni maigizo: mtu kujifanya mshambuliaji, milio ya risasi bandia, rangi iliyofanywa damu. Miongoni mwetu wamo watoto waliokimbia vita vya Kongo, na mlio ule kwao si mchezo. Mwaka 2024 jimbo la New York liliyakataza maigizo hayo, likataka pia wazazi waarifiwe kabla ya zoezi.

Wa kufunzwa zaidi ni watu wazima, akiwemo mpishi na mfagizi. Mtoto mdogo yamtosha kumfuata mwalimu wake.

Basi twendeni shuleni tukaulize: mwalimu anayeshika zamu ya mwenziwe hupewa ufunguo? Mtoto asiyejua Kiingereza huelekezwa na nani? Na chuoni kwetu, wanapokuja kusoma Qur'ani, ufunguo anao nani?